Kwa Rehema, Aliyeacha Darasa Langu

Mwanangu Rehema,

Barua hii inatoka kwa mwalimu bora kuliko wote waliowahi kukanyaga milima hii, kuanzia Mlalo mpaka Zirai, na ninaposema wote nawatia humo hata wale wenye koti jeupe wanaokuja na gari la wizara. Mimi nimeotesha karoti juu ya mwamba. Mche wa kabichi uliokwisha kulala chini niliuambia simama, ukasimama, na watu wa Soni walikuwepo wanashuhudia. Wenye digrii zao wamechuchumaa kwenye tuta langu na suruali za kunyooshwa, wakaniuliza, "Mwalimu Shabani, hii umefanyaje?" Nikawaambia ni siri ya ukoo.

Hapo zamani ungecheka. Ungesema, "Tate, muongo wewe," ukiniita baba kwa kilugha chetu, na mimi ningeongeza uongo mwingine juu yake. Sasa najua hucheki. Tangu masika, ulipoliacha darasa langu, mimi na wewe tuna shikamoo na marahaba, katikati hapana kitu. Tena shikamoo yenyewe unaiweka mbele yangu kama mtu anayeweka sahani ya mgeni asiyempenda, halafu unatoka. Kesho asubuhi unashuka Mombo kudaka basi la Mbeya, uanze chuo upya kwa watu usiowajua, na mimi sitaki uondoke na shikamoo peke yake. Nimejaribu kuzungumza nawe uso kwa uso. Kila mara nimeishia kukuuliza kama kuku wamefungiwa. Ndiyo maana nimechukua kalamu, mimi ambaye kuandika naandika orodha ya mbegu tu.

Habari za blanketi, mafuta ya kupaka na vyakula vya kununua dirishani sitazigusa. Mama yako ameshazisema, na sasa hivi namsikia huko chumbani anafungua lile begi na kulifunga tena. Mimi nina ya upande wangu wa ubao. Huko unakokwenda utakaa upande ule mwingine, na upande ule hauoni vizuri mwalimu anaficha nini.

Nianze na shule yangu, maana nimekudanganya. Nimekuambia tangu ukiwa mdogo kwamba niliacha kidato cha pili kwa sababu nilikuwa nimewazidi walimu. Si kweli, au ni kweli kidogo. Mkuu wetu wa shule alikuwa anatembea kama bata mwenye kidonda. Siku moja mstarini, akiwa amegeuka, nilitembea nyuma yake vilevile, kidonda na mabawa yake yote. Shule nzima ililipuka. Wewe hujui kile kitu, watu mia kadhaa wanacheka kwa ajili yako. Kilinishibisha kuliko ugali wa wiki nzima. Nikafukuzwa nikalete mzazi. Babu yako akaniambia, "Twende ukamwombe radhi, basi, ni neno moja tu." Nikasema siwezi kumwomba radhi bata. Babu yako akaniangalia, akachukua jembe lake akaenda shambani, na habari ya shule ikaishia pale. Baadaye niliambiwa yule mkuu alimwuliza mara mbili, "Yule kijana wako mchekeshaji harudi?" Mimi nilikuwa Kwamkoro nachuma chai, nimelowa mpaka mfupa, nawahadithia wachumaji wenzangu jinsi nilivyomweza.

Ulimi huo huo ndio ulionipa kazi, kwa hiyo usidhani naulaani. Chuo chetu cha kilimo kilikuwa na kitalu kilichokuwa kinakufa. Mimi nilikuwa nimepeleka miche ya hoho kuuza, nikakuta wageni wamesimama na mkuu wa chuo, yule mama wa mwavuli, wanaoneshwa ile miche ya njano, kila mtu anatikisa kichwa kwa heshima. Nikasema kwa sauti, "Poleni na msiba." Wageni wakacheka. Mkuu hakucheka, lakini akaniita pembeni. "Wewe unayejua kusema, unajua na kuotesha?" Nikamwambia mimi nikipanda fimbo inazaa. Mwezi uliofuata nilikuwa na kofia ya chuo na funguo za stoo ya majembe.

Mwalimu wa vitendo. Ndilo jina la kazi. Maana yake wenzako wana viti kwenye chumba cha walimu na wewe una ndoo uliyoipindua kwenye stoo. Wanafunzi wanawaita wenzako Sir na Madam, mimi wananiita Mzee Mboji, na nilikuwa sijafika miaka arobaini. Najifanya nalipenda hilo jina. Nimelizoea tu. Yule kijana aliyekuja majuzi na digrii yake kutoka Morogoro, ambaye alikata kidole kwa mundu siku ya kwanza, yeye anaingia kwenye vikao. Mimi naletewa habari za vikao na mpishi.

Na hao wanafunzi wenyewe. Rehema, ulikuwa mmoja wao, lakini ulikaa mbele, hukuona nyuma. Acha nikuoneshe darasa kutoka pale ninaposimama. Asubuhi yenye ukungu wanakuja wamejifunga mashuka juu ya sare kama wagonjwa waliotoroka wodini. Baada ya maharage ya mchana nusu yao wamelala macho wazi, ufundi ambao sijui wanafundishwa na nani. Nikitoa jembe, wote wana mgongo. Nikimtuma mtu amwagilie kitalu Jumamosi, ikifika Jumatatu kitalu kimekauka na mtu huyo amefiwa na bibi. Kuna kijana mmoja amefiwa na bibi tangu mwaka wa kwanza mpaka anamaliza, nikamwuliza babu yake alioa ukoo mzima au vipi, akasema, "Mwalimu, sisi familia yetu ni kubwa." Nikawafundisha habari ya kuchanganya samadi, nikasema maneno yangu mazuri kabisa, yaliyonitoka moyoni, mkono ukaenda juu nyuma kule. Nikafurahi, nikadhani ni swali. "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Hilo ndilo swali lao. Ukisema itatoka, wanaandika. Ukisema haitatoka, kalamu zinalala chini pamoja na wenyewe.

Wakiandika nako ni balaa. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikasema kwa utani kwamba kabichi hupenda kuimbiwa asubuhi. Wewe ulikuwepo, ulitabasamu ukaendelea na kazi yako. Kwenye jaribio la mwisho wa mwezi, swali la utunzaji wa kabichi, nusu ya darasa imeandika: palizi, umwagiliaji, kuimbia kabichi asubuhi. Mmoja akaongeza na jioni. Nilicheka mpaka nikakohoa, nikazionesha zile karatasi kwa mpishi, kwa mlinzi, kwa mama yako. Sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu, kwamba nikisimama pale mbele kila ninalolitoa mdomoni linaokotwa na mtu, liwe mbegu au takataka, na linaoteshwa.

Halafu Brayani. Huyo lazima nimweleze vizuri, kwa sababu nilikuwa na hasira naye, na hasira ile nadhani niliibeba mpaka siku yako.

Brayani alitoka Dar na raba nyeupe, akaapa kuondoka nazo zikiwa nyeupe. Kila mwanafunzi alipewa tuta lake la kabichi, apande mwenyewe, atunze mwenyewe, mwisho nije na mkuu kukagua. Tuta la Brayani liliota magugu mazuri sana. Asubuhi ya ukaguzi tunafika, mkuu yuko mbele na mwavuli wake, mimi nyuma, na tuta la Brayani limejaa kabichi kubwa, za duara, zimepangwa mstari kama watoto wa chekechea. Mkuu akasema, "Hongera." Mimi nikainama nikashika moja, ikainuka kama kofia. Haikuwa na mzizi. Zote hazikuwa na mizizi. Kijana ameamka alfajiri, amekwenda sokoni, amenunua kabichi zilizokatwa tayari kwa ajili ya lori, akazichomeka kwenye udongo.

Nikamwuliza, "Brayani, mizizi iko wapi?"

"Mwalimu, imebaki chini."

"Chini wapi, Kariakoo?"

Darasa likaanguka kwa kicheko, na mimi nikapata dawa yangu. Lakini ofisini mkuu akaniambia tumpe alama za kupita, baba yake analipa kwa wakati, na mwaka huu wanafunzi wamepungua. Nikabisha. Akaniuliza, "Mwalimu Shabani, wewe una cheti gani cha kumfelishia mtu?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba mvua inanyesha. Nikaenda kukaa kwenye ndoo yangu.

Brayani akapita. Raba zikaondoka nyeupe. Wiki iyo hiyo ndipo wewe ukanyoosha mkono.

Ngoja kwanza, nieleze ulivyoingia pale, maana unaweza kudhani sikukutaka tangu mwanzo. Ulipochaguliwa kuingia chuo chetu nilitembea barabara yote ya mjini nikiwaambia watu kwamba binti yangu anakuja kusoma kwangu. Kwa fundi cherehani nilisema, kwa muuza peasi nilisema, msikitini nilimwambia imamu kabla hajamaliza kuvaa viatu. Nilidhani itakuwa kama ulipokuwa mdogo, ulivyokuwa unanifuata kwenye matuta ukishika ncha ya koti langu, kila nililosema unasema ndiyo tate. Nilikutaka pale ukiwa vile. Sikujua kwamba umekua ukaanza kusoma vitabu vya maktaba ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga rafuni bila kuvifungua.

Ulikuja na maswali. Maswali halisi, yale niliyokuwa nalalamika kila siku kwamba hakuna anayeuliza. La kwanza nililijibu vizuri, la pili nikalizungukazunguka, la tatu nikasema tutalifikia. Kila ulipoinua mkono nilikuwa nageuka kufuta ubao uliokwisha kufutwa. Miaka yote nimewalaani wanafunzi kwa uvivu, na uvivu wao ndio uliokuwa unanilinda. Mtu aliyelala macho wazi hawezi kukuuliza kwa nini. Brayani na raba zake hakuwahi kunitisha hata siku moja.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye yale matuta ya juu, mfereji umefunguliwa, nawafundisha kumwagilia. Nilisema tuta moja lipewe maji mpaka yafike alama fulani, basi, nenda lingine. Ndivyo ninavyofanya. Nikaambiwa hivyo na baba yangu, naye sijui aliambiwa na nani. Ukasema, kwa adabu kabisa, nakumbuka hata ulivyoweka mikono nyuma:

"Samahani mwalimu. Udongo wa huku juu na ule wa bondeni haunywi maji sawa. Kwa nini tunaupa sawa? Tutajuaje kwamba umetosha?"

Hata waliolala waliamka. Yule kijana wa digrii alikuwa amesimama kando ya mfereji, amekuja kuazima jembe, akaniangalia na yeye akingoja. Na mimi sikujua. Mguu wangu ndio unaojua. Nikikanyaga tuta najua limeshiba au bado, lakini mguu hauna maneno, na pale palikuwa panatakiwa maneno. Ningeweza kusema, sijui, tulitafute jibu wote. Leo naandika kwa wepesi. Pale ulimi wangu ulikuwa umeshatoka mlangoni kabla yangu.

Nikawageukia wenzako nikasema, "Huyu mwacheni. Mambo ya umwagiliaji aliyaanza zamani. Alimwagilia godoro langu mpaka darasa la tano."

Uliyasikia mwenyewe, sina haja ya kukueleza kilichofuata. Ila nakuandikia vilevile, kwa sababu sijawahi kulisema tangu siku ile, na nimeona nilitoe kama lilivyo. Walicheka. Kijana mmoja alikaa chini kwenye matope kwa kicheko. Kijana wa digrii alicheka akageuza uso. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko cha bata, kikubwa kuliko cha kabichi za Kariakoo, na kwa muda kidogo, mwanangu, nilisikia utamu wake. Halafu nikakuona. Hukulia. Ulichukua daftari lako ukaandika kitu, sijui uliandika nini, labda hukuandika, labda ulitafuta tu mahali pa kuweka macho.

Jambo lile lilikuwa la nyumbani kwetu. Mama yako aliamka usiku miaka mingapi akakubadilishia shuka, bila kumwambia hata bibi yako. Wewe mwenyewe ulinishika mkono siku unayokwenda kambi ya shule ukaniambia, "Tate, usiseme." Nikaapa. Nikaja nikalisema mbele ya watu ambao majina yao nusu siyajui.

Kufika jioni ulikuwa umeshapewa jina. Mfereji. Wakaliweka kwenye lile grupu la wasapu la darasa, na mtu akatengeneza stika ya godoro linaloelea juu ya maji. Mimi nimo kwenye grupu lile, niliingizwa ili nitume picha za wadudu. Niliiona stika. Unajua nilifanya nini, kwa sababu nawe ulikuwemo. Niliweka kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Nilijiambia nikikasirika nitalikuza, nikicheka litapita. Na kweli, kwangu lilipita. Kesho yake ulipokuwa unapita kwenda maktaba walisikika wanaita, "Mfereji, fungua maji," na mimi nilikuwa dirishani pa stoo nanoa panga. Nikaendelea kunoa.

Uliendelea kuja kwa muda. Ulikaa mbele palepale, mikono mezani, hukuinyoosha tena. Halafu ukaanza kukosa Jumatatu, halafu Jumatatu na Jumanne, halafu ukavua sare ukavaa kanga ukaenda na mama yako kwenye viazi. Mama yako aliniuliza, "Umemfanya nini mtoto?" Nikamwambia wanafunzi wa siku hizi hawana kifua, ukiwagusa wanapasuka. Nilimwambia sisi tulichapwa na tukanyamaza. Akasema, "Wewe hukunyamaza. Wewe ulikimbia Kwamkoro." Tangu hapo na yeye ananiwekea chakula akakaa jikoni.

Hii safari ya Mbeya mlipanga wewe na mama yako na mjomba wako. Mimi niliisikia kwa muuza peasi. Aliniambia, "Hongera, binti anakwenda mbali." Nikasema ndiyo, ni mimi niliyemtafutia. Unaona bado najisifu hata kwa kitu nilichonyimwa.

Huko nakuomba ufanye jambo moja ambalo haliko kwenye orodha ya mama yako. Uulize. Utakuta mwalimu kama mimi, wapo kila mahali, wengine wana digrii zao kabisa. Ukimwuliza akakujibu kwa mzaha, usiangalie wanaocheka, mwangalie yeye. Utaona shingo yake inavyofanya, utaona anavyowatafuta wengine kwa macho wamshike asianguke. Huyo hajui. Hilo pekee ndilo limetokea, hajui, na wewe hukufanya kosa lolote. Umwache, ukamwulize mwingine, ukafungue kitabu. Na akitokea mtu darasani kwenu akapewa jina baya, mpigie kelele mwenye kulisema, au kaa tu benchi moja na huyo aliyepewa. Pale kwetu hakuna hata mmoja aliyehamia benchi lako. Nilikuwa natazama kama yupo. Mtu mzima mwenye funguo za stoo nzima, nangoja mtoto wa watu afanye kazi yangu.

Nilikuwa nataka kuishia hapa. Ningekunja karatasi, ningeitia kwenye mfuko wa nje wa begi, wewe ungeisoma huko mbele na labda ungesema, ah, baba amekiri, yamekwisha. Lakini yote niliyoandika mpaka sasa unayajua. Ulikuwepo, au mama yako amekuambia. Ningekuwa nimekulipa kwa shilingi zako mwenyewe. Liko ambalo hulijui.

Ulipoacha kuja, mkuu wa chuo alinisimamisha kwenye ngazi za ofisi.

"Mwalimu Shabani, binti yako yuko wapi?"

"Anaumwa, mkuu."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo muda wote huu?" Akaniangalia. Yeye si mjinga, stika ile ilikuwa imefika mpaka ofisini. Akasema, "Yule ndiye mwanafunzi pekee mwaka huu anayesoma kweli. Nataka nije nyumbani nizungumze naye. Na wale waliompa lile jina niwaite mmoja mmoja, wazazi wao waje."

Rehema, ilikuwa ni kusema karibu. Ningekuja nikamwambia mama yako achemshe chai. Ungemwona mkuu anapanda kile kilima chetu na mwavuli wake kwa ajili yako, wewe peke yako, na nadhani ungerudi. Namjua mkuu, mama yule angekaa mpaka urudi.

Nikamwambia, "Mkuu, usijisumbue. Yule moyo wake hauko shuleni. Ameniambia mwenyewe anataka kulima."

"Amekuambia?"

"Ameniambia."

Akasema sawa, wewe ndiye baba yake.

Umekaa msimu mzima kwenye viazi ukidhani chuo kizima hakikukutafuta. Kilikutafuta. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikasema hupo. Na sikufanya hivyo kwa aibu, ingawa mpaka jioni hii nilikuwa nimejiandaa kukuambia ni aibu, kwa sababu aibu inasikika vizuri kidogo. Siku ya kwanza benchi lako lilipokuwa tupu, nilifundisha vizuri kuliko siku zote. Nilisema nilichotaka, wakacheka niliposubiri wacheke, kengele ikalia, hakuna aliyenyoosha mkono. Nilirudi nyumbani kwa njia ya juu nikipiga mluzi. Nilipofika kwenye kona nikakuona bondeni na mama yako, umeinama unapalilia, nikanyamaza ghafla ili usinisikie.

Nilifurahi kwamba hukuja, mwanangu. Nilifurahi.

Shabani, baba yako